Siku Moja Visiwani: Yampasayo Mtu wa Bara Kuyajua Kabla ya Kupanda Mashua

Mada iliyotolewa mjini Tunduma mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa, wafanyabiashara wa mpakani na walimu



Tunajua wapo kati yenu wanaojiuliza kimoyomoyo: bahari iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, sasa hawa wamekuja kutuhubiria mashua kwa sababu gani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Barabara ile ile inayoleta malori mpakani, na reli ile ile ya TAZARA inayopita hapa mjini, ndizo zinazowapeleka ninyi pwani. Mfanyabiashara wa Tunduma huenda Kariakoo kufuata mzigo. Kikundi kinapovunja mzunguko wake mwishoni mwa mwaka, wanachama hugawana akiba, na siku hizi vingi hutenga fungu la matembezi. Walimu nao huwapeleka wanafunzi. Wote hao, wakishafika Dar es Salaam au Unguja, hukutana na kijana mwenye picha katika simu yake: mashua nyeupe, mchanga mweupe, sinia la samaki. Huwaambia, "Siku nzima, kuogelea na chakula humo humo."

Hatukuja kuwakataza. Ni matembezi mazuri, na visiwa hivyo ni urithi wenu kama ulivyo urithi wa mtu wa Bagamoyo. Tumekuja kwa kuwa mtu aliyezaliwa Mbozi, Momba au Ileje aweza kuwa hodari wa kila jambo, ila bahari hakulelewa nayo. Mpwani akiitazama mashua hujua kwa jicho tu kama imezidiwa. Mtu wa bara humwamini aliyemwuzia tiketi. Kuna tofauti kubwa kati ya kuamini na kujua, na tofauti hiyo huweza kugharimu fedha, na huweza pia kugharimu roho.

Matembezi yenyewe

Kwa upande wa Dar es Salaam, wengi huenda Mbudya na Bongoyo. Visiwa hivi viko karibu na ufuko wa kaskazini mwa jiji. Boti za Mbudya huondokea maeneo ya Kunduchi, na za Bongoyo huondokea Msasani. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1975, na kila aingiaye hulipa kiingilio. Kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, kwa hiyo mkiwa na ndugu wa Nakonde katika msafara, ulizeni mapema atalipa kiasi gani.

Kwa upande wa Unguja, matembezi yanayosifiwa zaidi ni yale ya Ghuba la Menai, kusini-magharibi mwa kisiwa. Eneo hilo lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1997. Vyombo vingi huondokea Fumba asubuhi, vingine vya tanga na vingine vya mashine. Hutia nanga penye matumbawe ili watu waogelee, hupumzika juu ya fungu la mchanga lililojitokeza katikati ya maji, kisha huelekea Kisiwa cha Kwale kwa chakula cha mchana, na kurejea jioni. Wengine huenda Changuu, karibu na Mji Mkongwe, kuwatazama kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli.

Kabla ya kutoa fedha

Tuwasimulie kisa kimoja. Wahusika wametupa ruhusa ya kukisema, nasi hatutamtaja mtu wala kampuni. Kikundi cha akina mama wa mkoa huu, wanachama 24, kiliweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya siku moja visiwani. Mhazini wao alituma malipo yote kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi, wiki mbili kabla ya safari. Waliahidiwa mashua mbili, jaketi okozi kwa kila mtu, na chakula. Siku ilipofika, walikuta ufukweni mashua moja na majaketi 9, matatu kati yake yakiwa ya watoto. Nahodha akawaambia, "Pandeni tu, bahari imetulia."

Mhazini alikataa. Wenzake walimlaumu, na wengine walimcheka kwamba anaogopa maji kama paka. Akawajibu, "Fedha yenu nimeshaipoteza mimi. Siwezi kuwapoteza na ninyi." Mwishowe mwenye mashua alikubali kuwapeleka kwa zamu mbili. Zamu ya pili ilifika kwenye fungu la mchanga wakati maji yanajaa. Walikaa hapo kwa muda mfupi sana, wakala wali uliopoa, wakarudi. Walipodai sehemu ya fedha zao, mwuzaji alisema hakuahidi mashua mbili. Kilichowaokoa ni kwamba mhazini hakuwa amefuta ujumbe hata mmoja wa simu. Kwa ujumbe ule walirudishiwa sehemu ya fedha. Hawakurudishiwa zote.

Mama yule alifanya kosa moja na mambo mawili ya busara. Tujifunze kwa yote matatu.

Kosa lilikuwa kulipa kila kitu mapema, tena kwa namba ya mtu binafsi. Mtoa huduma aliyesajiliwa ana jina la biashara, ana leseni, na kwa kawaida ana lipa namba ambayo huonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha malipo. Jina likija tofauti na lile mliloambiwa, simameni hapo hapo. Toeni kianzio tu, na salio mlipe ufukweni mkiwa mmeiona mashua kwa macho yenu. Daini risiti kwa kila malipo.

Busara ya kwanza ilikuwa kutunza maandishi. Ahadi ya mdomo hupeperuka na upepo wa pwani. Mwombeni mwuzaji aandike, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, mambo haya: tarehe na saa ya kuondoka na kurudi, idadi ya mashua na idadi ya watu katika kila moja, kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei au la, chakula gani na maji ya kunywa kiasi gani, vifaa vya kuogelea, usafiri wa kutoka mjini hadi ufukweni, na kitakachotendeka bahari ikichafuka. Hili la mwisho wengi hulisahau. Ulizeni wazi: safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, mtarudishiwa fedha, au mtapewa siku nyingine? Kikundi kilichokata tiketi ya treni ya kurudi Tunduma hakiwezi kungoja siku nyingine. Mwuzaji asipolijibu swali hilo kabla ya kupokea fedha, msitarajie atalijibu baada ya kuzipokea.

Na bei itajwe kwa shilingi. Machi 2025 zilitangazwa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Ninyi mnaoishi kati ya shilingi na kwacha mnajua vema jinsi mtu anavyoweza kupunjwa katika kubadilisha.

Busara ya pili ni ile ya kukataa kupanda. Hiyo tutaizungumza sasa.

Kuisoma mashua

Nchi yetu imelia mara nyingi kwa ajali za majini. Mei 1996 tulizika watu wa MV Bukoba. Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander ikielekea Pemba, na Julai 2012 ikafuata MV Skagit, karibu na Kisiwa cha Chumbe. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kwa ajili ya abiria 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara katika Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 220 walikufa huku ndugu zao wakiwaona kutoka nchi kavu. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa kuliko mashua ya matembezi, lakini somo ni lile lile. Chombo kina kipimo chake, na kipimo hicho hakibadiliki kwa sababu abiria ni ndugu au kwa sababu safari ni fupi.

Kwa hiyo, mkifika ufukweni, msikimbilie kupiga picha. Itazameni mashua kwanza. Je, ina jina na namba ya usajili? Je, imeandikwa idadi ya abiria? Kwa vyombo vya Bara, ukaguzi na usajili uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Ombeni kuonyeshwa cheti cha ukaguzi. Si utovu wa adabu, na nahodha mwema hukionyesha kwa fahari.

Kisha hesabuni watu, hesabuni na majaketi okozi. Namba mbili hizo zisipolingana, hakuna safari. Mtoto apewe jaketi la kimo chake, kwani la mtu mzima humchomoka akiwa majini. Jaketi livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka. Lililofungiwa chini ya benchi halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka. Angalieni pia kama lipo kasia au mashine ya akiba, nanga yenye kamba ndefu, chombo cha kufulia maji, sanduku la huduma ya kwanza, na simu iliyofungwa mahali pakavu. Nahodha asiwe peke yake: awepo walau baharia mmoja wa kumsaidia, na wote wawili wawe hawakunywa pombe.

Mkiwa ndani, kaeni mlipoelekezwa. Mtu mmoja akimwona pomboo, ishirini wasikimbilie upande mmoja wa mashua.

Upepo na maji

Wapwani huugawa mwaka kwa pepo zake. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huanza baada ya hapo na kuendelea hadi Septemba. Kusi ikipamba moto, bahari iliyo wazi huwa na mawimbi ambayo mashua ndogo haiyawezi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Mkisikia tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, fahamuni kwamba hilo si tangazo la wenye meli peke yao. Mei 2024, kilipokaribia kimbunga Hidaya, hata boti kubwa za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mashua yenu si kubwa kuliko hizo.

Jambo la pili ni kujaa na kupwa. Mtu wa bara hudhani bahari hukaa mahali pamoja kama ziwa. Sivyo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja hivi, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu huweza kupita mita 3. Fungu la mchanga mlilolala juu yake saa nne huweza kuwa chini ya maji saa nane. Basi mwulizeni nahodha swali hili moja: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Ajibuye bila kusita anaijua kazi yake.

Kuogelea

Tunasema bila kuwaonea haya: wengi wetu tuliokua Songwe hatujui kuogelea, na hilo si aibu. Aibu ni kujifanya unajua. Mwambieni nahodha mapema, kwa majina, nani hajui. Asiyejua aingie majini akiwa na jaketi, penye kina cha kiuno, na mwenzake kando. Msiingie peke yenu, wala mara tu baada ya kushiba, wala kamwe baada ya kunywa pombe. Mkondo ukikuchukua, usipigane nao kwa kurudi ulikotoka. Elea, nyanyua mkono, piga kelele, na uogelee kwa upande hadi utoke ndani yake.

Kabla ya watu kushuka majini, mashine izimwe. Watu wakishashuka, mtu mmoja abaki juu ya mashua na kazi yake iwe kuhesabu vichwa tu. Walimu, hilo ni lenu. Hesabuni wanafunzi kabla ya kushuka, wakiwa majini, na baada ya kupanda.

Msikanyage matumbawe. Hukata mguu, na yakivunjika huchukua miaka mingi kukua tena. Vaeni viatu vya mpira, maana chini kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi mfano wa nungunungu. Chukueni kofia, maji ya kunywa ya kutosha, na khanga ya kujifunika, kwa jua na pia kwa heshima ya wenyeji mtakapopita vijijini.

Wapo watakaosema: kwa nini twende mbali na maji tunayo? Ziwa Rukwa ni letu, lakini lina mamba na viboko, na si mahali pa kuogelea. Matema, kwenye Ziwa Nyasa, ni pazuri na ni karibu zaidi, ila maji baridi ya maziwa huweza kuwa na kichocho, jambo ambalo bahari haina. Mkienda huko, ulizeni wataalamu wa afya wa eneo hilo, na sheria za mashua tulizozitaja zishikeni vile vile.

Chakula cha mchana

Chakula cha visiwani ni samaki wa kuchoma, pweza, ngisi, kamba, wali wa nazi na matunda. Aliyezoea migebuka na dagaa huenda hajawahi kula kamba wala kaa maishani mwake. Wapo watu ambao miili yao huvikataa: midomo huvimba, ngozi huwasha, pumzi hubana. Kisiwani hakuna hospitali. Kama hujawahi kuonja, onja kidogo, ungoje. Mwenye mzio aseme wakati wa kulipia safari, si sahani ikiwa mbele yake.

Ulizeni samaki amehifadhiwa wapi tangu asubuhi. Awe katika barafu, na apikwe mbele yenu hadi aive. Na mkikaribishwa nyama ya kasa, kataeni. Kasa analindwa na sheria, na nyama yake huweza kuwa na sumu ambayo moto hauiondoi. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kuila, na 8 kati yao walikuwa watoto.

Mambo yakiharibika

Penye hatari ya maisha, pigeni 112. Penye mgogoro wa fedha, anzeni na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi na kwa utulivu, mkieleza mlichoahidiwa, mlichopewa na mnachodai. Asiposikia, kwa upande wa Bara nendeni Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kwa maneno au matangazo. Kwa Zanzibar, iko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Malalamiko kuhusu usalama wa chombo yapelekeni kwa mamlaka ya usafiri majini ya upande husika. Nendeni na risiti, ujumbe wa simu, na picha ya mashua inayoonyesha jina na namba yake. Na msiache kulalamika kwa sababu tu mmekwisha kurudi salama. Kikundi kitakachokuja baada yenu hakijui mliyoyaona.

Ndugu zetu, tuhitimishe kwa yule mhazini. Tulimwuliza kama anajuta kwenda. Alisema hajuti. Alisema alisimama majini hadi kifuani, jaketi likiwa limefungwa, akaona samaki wa rangi ya manjano wakipita kati ya miguu yake, na kwamba mwaka ujao atarudi na kikundi chote. Lakini, alisema, safari hii yeye ndiye atakayeuliza maswali, na jibu lisipomridhisha, wote 24 watakaa ufukweni wale mihogo ya kuchoma.

Nasi hatuna ushauri bora kuliko huo. Haki ya kwanza ya mteja ni kuuliza. Ya pili ni kukataa. Mnapokwenda pwani, zichukueni zote mbili, kama mnavyochukua kitambulisho na nauli.

Sasa tuko tayari kwa maswali.